Aliye Hewani Haguswi

Mwalimu wetu wa raga alitufundisha kuanguka kabla hajaturuhusu kugusa mpira. Tulikuwa vijana wa kidato cha pili katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Machakos, katikati ya miaka ya tisini, na tulikuwa tumejiunga na raga kwa sababu tulitaka kugongana. Yeye akatuambia tupige magoti kwenye nyasi. Tuanguke kwa ubavu. Tuinuke, tuanguke tena. Kidevu kifuani, ulimi nyuma ya meno, mikono isitangulie. Wachezaji wa kandanda walisimama kando ya uwanja wakituangulia kicheko, sisi vijana wenye ndevu tunaojibwaga chini kama watoto waliokataa kuoga.

"Wacheni wacheke," alisema. "Wao hawataangushwa vile nyinyi mtaangushwa."

Zilipita wiki kadhaa kabla hajauleta mpira, na siku alipouleta aliubana kwapani kama mtu anayepeleka kuku kwa wakwe, hataki mtu amshike.

Sikumpenda wakati ule na simpendi sasa. Lakini nikiulizwa ni nani niliyewahi kumwona akiijua kazi yake kwelikweli, wa kwanza kunijia akilini ni yeye. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko wa udongo mwekundu ambao kiangazi kiliugeuza sakafu. Kila mvua iliponyesha, mawe mapya yalichomoza. Asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, ungemwona mwalimu wa raga akiwa tayari amevaa shati jeupe na tai, suruali ameikunja hadi magotini, anatembea ameinama na ndoo mkononi akiokota mawe. Hakumtuma mwanafunzi, hata wale waliokuwa wakitumikia adhabu. Alisema macho ya mtu anayeadhibiwa hayaoni mawe. Ndoo ikijaa alikwenda kuimwaga nyuma ya jiko, akakunjua suruali, akapangusa viatu, akaingia darasani kutufundisha jiografia.

Darasani alikuwa mtu mwingine. Miaka hiyo kiboko kilikuwa bado halali shuleni, na yeye alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia maji ambacho alikiweka kwenye mkoba pamoja na vitabu. Alichapa bila kupandisha sauti, bila hasira, kama mtu anayepiga muhuri. Kuna mwenzetu mmoja, Musyoki, aliyechora mto Tana ukiingia ziwani badala ya baharini. Alichapwa viganja mpaka vikavimba. Jioni ile ile mazoezini Musyoki akashindwa kudaka mpira. Mwalimu akamwita kando, akaziangalia zile alama kana kwamba ni mtu mwingine aliyeziweka, akatoa bendeji kwenye sanduku lake la huduma ya kwanza na kumfunga taratibu, kidole kwa kidole.

"Usidake leo," alimwambia. "Mkono kama huu ukigongwa unaharibika."

Musyoki alitusimulia bwenini tukacheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Sheria za mchezo alizirudia kama katekisimu. Kumkaba mtu ni chini ya mabega. Mikono imzunguke, usimgonge kwa bega peke yake. Kichwa chako kiwe upande, shavu kwenye paja lake, kisikae mbele ya magoti. Ukibeba mpira usimruke anayekuja kukukaba, wewe si swara. Na ukiona mwenzako amemshika mtu shingoni, acha kucheza, hata kama tunafunga. Aliyekosea alimsimamisha mbele yetu, akaweka vidole viwili nyuma ya shingo yake, pale mfupa unapotokeza.

"Hapa ndipo mikono yake inapita, na miguu, na choo. Ukipavunja, mtu mzima atakuwa anapelekwa chooni na mama yake."

Tulilicheka neno choo. Yeye hakucheka.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mtu aliye hewani. Katika raga mpira unapigwa juu sana, na mchezaji anayeungoja huruka ili audake kabla ya wengine. Wakati ule amenyoosha mikono juu, macho yako angani, mbavu ziko wazi, hana mahali pa kujishikilia. Ukimgonga miguu, anageuka kichwa chini.

"Mngoje," mwalimu alisema. "Miguu ikigusa chini, ni wako. Kabla ya hapo ni wa Mungu."

Basi mazoezini alipiga mpira juu, mmoja akaruka, mwingine akaja mbio kumkaba, na yeye akapaza sauti kutoka mstarini, "Miguu iko wapi?" Wote tulipaswa kujibu. Juu! Juu! Chini! Aliyemgusa mwenzake kabla hatujasema chini aliuzunguka uwanja mpaka giza liingie. Vilevile pale mpira unaporushwa kutoka nje, na wenzako wanakuinua uudake. Wenye sheria za mchezo walikuwa wameanza kuruhusu jambo hilo, na shule nyingi zilikuwa zikiwainua wachezaji na kuwaachilia kama magunia. Sisi tulimteremsha mtu wetu mpaka viatu vikatulia. Refa mmoja kutoka Nairobi alituuliza tumefundishwa na nani.

Aliyeielewa sheria hiyo kuliko sisi sote alikuwa rafiki yangu Mutua, mtoto wa mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga na kuishi Mumbuni. Mutua alikuwa mfupi na mpana, na hakuna aliyekaba kama yeye. Mtu akiwa hewani, Mutua alisimama chini yake amefungua mikono, magoti yamelegea, kama anayemngoja mtoto ashuke kwenye ghala. Viatu vikigusa tu, mtu amelala chini na mpira ni wetu. Mwalimu hakumsifu mtu yeyote, ila mara moja nilimsikia akimwambia mwalimu wa kemia, "Yule kijana hajawahi kumuumiza mtu. Mwangalie vizuri. Hajawahi."

Kuomba msamaha mwalimu hakujua. Kulikuwa na siku filimbi yake ilipotea akamshuku mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, akamwaibisha mbele ya gwaride. Baada ya siku chache filimbi ikaonekana kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Hakusema neno. Ila tangu siku hiyo yule mvulana alipata kipande cha mkate wa ziada kila Jumamosi, na muhula uliofuata akapewa viatu vya raga vilivyotumika. Tulimsifu mwalimu kwa hilo. Tulisema ana moyo, ila ulimi wake ni mzito. Hatukujiuliza yule mvulana aliendelea kuitwa jina gani bwenini. Aliitwa Filimbi mpaka akamaliza shule.

Nilikuwa kapteni mwaka tuliofika fainali ya mkoa. Shule yetu ilikuwa haijawahi kushinda chochote isipokuwa mashindano ya kwaya. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaahidiwa basi na wafadhili fulani kama tungeleta kombe, na alikuwa akitafuta naibu, kwa kuwa yule aliyekuwepo alikuwa anastaafu. Kila mtu alijua mwalimu wa raga anakitaka kile kiti. Alikuwa amerukwa mara nyingi, vijana aliowafundisha wakawa wakubwa wake. Wiki ile mwalimu mkuu alianza kuja uwanjani jioni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alisimama karibu na mwalimu wa raga, wakazungumza, akamshika bega.

Fainali ilichezwa kwetu. Wapinzani walikuwa shule ya upande wa Masinga, na mchezaji wao wa nyuma kabisa alikuwa kijana mrefu anayeitwa Kioko, kutoka Kithyoko, huko huko Masinga. Kioko alikuwa anaruka. Sijui niseme vipi. Mpira ulipopigwa juu, sote tulikuwa bado tunautafuta angani na yeye alikuwa ameshafika. Kila tulichopiga alikidaka, akatua, akakimbia. Ilipofika mapumziko walikuwa wanatuongoza.

Tulikusanyika kwenye kivuli cha stoo, tunanyonya machungwa. Mwalimu mkuu alikuja akasimama nyuma yetu, akaondoka. Mwalimu wa raga alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa.

"Yule wao wa nyuma," alisema. "Akiruka tena, asishuke na mpira."

Alikuwa anamwangalia Mutua.

Mutua akauliza, "Mwalimu, nisingoje miguu?"

Mimi ni shahidi, nilisimama pale, ganda la chungwa mkononi. Wengine waliinamisha vichwa. Mwalimu alitazama uwanjani.

"Umesikia nilichosema," akajibu.

Mpira wa kwanza wa kipindi cha pili tulioupiga juu, Kioko aliruka, na Mutua akampiga miguu. Kioko alizunguka. Alianguka na kichwa kikitangulia, na mwili ukaja nyuma yake polepole, hivyo ndivyo nilivyouona. Mpira ulimtoka ukaja mpaka miguuni mwangu. Nakumbuka wazazi upande wetu walishangilia kwanza, kisha wakanyamaza mmoja mmoja.

Refa alimtoa Mutua nje. Wachezaji wa Masinga walikimbilia kumwinua mwenzao. Hapo mwalimu wa raga aliruka kamba, nikamsikia kwa mara ya kwanza akipiga kelele.

"Msimwinue! Msimguse! Msiguse shingo!"

Alipiga magoti kwenye vumbi akakishika kichwa cha Kioko kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba maji. Akatuambia tulete mlango. Tuling'oa mlango wa stoo kwenye bawaba, tukamtelezesha Kioko juu yake mwalimu akituhesabia, taratibu, bila kumkunja. Wakampakia nyuma ya pikapu. Mwalimu alipanda naye, bado ameshika kile kichwa, na pikapu ikaondoka hivyo, yeye amepiga magoti, tai inapepea. Daktari alisema baadaye kwamba bila mikono ile Kioko angekufa njiani.

Sisi tuliambiwa tuendelee kucheza. Masinga walikuwa wamepoteza mtu wao na roho yao. Tukawashinda. Shule ikapata basi.

Kioko hakutembea tena. Kuanzia mabegani kwenda chini hakuna kitu kilichomsikia.

Baada ya wiki moja kamati ya nidhamu ilikaa. Shule ya Masinga ilitaka mtu wa kubeba lawama. Mimi niliitwa kama kapteni, nikasema yote, maneno kwa maneno, swali la Mutua na jibu alilopewa. Mwalimu mkuu alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Unajua unasema nini?" akaniuliza. "Unataka kumharibia mwalimu kazi?"

"Nasema vile ilikuwa, sir."

Akamgeukia mwalimu wa raga aliyekuwa mwisho wa meza. "Mwalimu, uliwaambia hivyo?"

Alikuwa anapangusa miwani. Niliyaona macho yake bila vioo, madogo, yana maji kidogo.

"Vijana hawa nimewafundisha sheria miaka yote," alisema. "Waulizeni mtu akiwa hewani anafanywa nini. Kila mmoja anajua."

Kila neno lilikuwa kweli. Wakaniuliza nami nikalazimika kujibu kwamba ndiyo, alitufundisha. Mutua alifukuzwa shule siku hiyo, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya mtihani wake wa mwisho. Nilimsindikiza hadi langoni na godoro lake. Mimi nilisimamishwa kwa muda kwa kumvunjia mwalimu heshima, na muhula uliofuata mwalimu wa raga akawa naibu wa mwalimu mkuu.

Nyumbani Mutua alimweleza mama yake, mwaitu, kama alivyomwita kwa Kikamba. Mama yake alikuwa mtu wa kanisa, mjane, ambaye hakupita darasa la tatu, na kwake mwalimu alikuwa mtu wa pili baada ya padri. Alimzaba kofi.

"Umevunja mtoto wa mtu," alimwambia, "sasa unataka kuvunja jina la mwalimu?"

Mutua hakulitaja tena jambo hilo nyumbani. Alikwenda kupakia mchanga kwenye malori, kule mitoni, na kazi hiyo akaifanya miaka mingi mpaka mgongo ukaanza kumsumbua. Mimi nilipata kazi Nairobi. Tulikuwa tukionana nikija likizo. Kulikuwa na jambo moja ambalo alilikataa daima: kwenda upande wa Masinga. Lori likitumwa huko aliomba siku ile asipande, akapoteza ujira. Alisema watu wa Kioko wakimjua watamuua, na hawatakuwa wamekosea.

Mimi nilimchukia mwalimu kwa raha zangu. Ndipo nikaanza kusikia habari ambazo ziliichafua chuki yangu. Mtu mmoja aliyetoka Kithyoko aliniambia kwamba kila likizo mwalimu wa raga alikwenda kwa kina Kioko. Hakwenda kusalimia tu. Alilala huko. Alimgeuza Kioko kitandani ili asipate vidonda, alimwogesha, alimnyoa. Alimjengea mteremko wa saruji mlangoni kwa mikono yake ili kiti cha magurudumu kipite. Alimsomea magazeti, kurasa za michezo, wakabishana. Watu wa kule walimwita mtoto wa nyumba hiyo.

Nilipomweleza Mutua, alisema, "Labda anamwambia Kioko."

"Anamwambia nini?"

"Kwamba si mimi peke yangu."

Kioko alifariki miaka michache baada ya mwaka elfu mbili, vidonda vikiwa vimeingia damuni. Nilimpigia simu mwajiri wa Mutua, nikamwambia Mutua tunaenda kuzika. Alikataa, akakubali, akakataa. Asubuhi ya mazishi nilimkuta steji ya Machakos amevaa koti la kuazima, ametangulia kufika.

Kithyoko ni nchi ya jua. Watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai, wanawake wamejifunga vitenge, sufuria za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, zinachemka nyuma ya nyumba. Tulikaa mwisho kabisa. Mwalimu wa raga tulimwona mapema, kichwa kimekuwa cheupe, mashavu yameanguka. Hakukaa na wageni wa heshima. Alikuwa anazunguka akigawa viti, anatafuta kamba, anawaonyesha vijana pa kuweka jeneza. Mchungaji alipomtaja kama baba wa pili wa marehemu, watu walipiga makofi.

Baada ya kuzika, mama yake Kioko alikuja moja kwa moja mpaka tulipokuwa. Alikuwa mwanamke mdogo, kavu, ameshika leso. Mutua alisimama.

"Wewe ni Mutua," mama alisema.

"Ni mimi, mama."

Akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, hakuuachilia. "Kioko alikuwa anakuuliza. Kila mwaka. Anasema, huyu Mutua mbona hakuji? Mimi niko tu hapa, siendi mahali."

Mutua aliinamisha kichwa juu ya mikono ile.

"Alijua si wewe, mwana wakwa. Sisi wote tulijua. Mwalimu alikuja mwaka ule ule, hata Krismasi haijafika. Akapiga magoti hapo jikoni kwangu, akalia. Akasema ni yeye alikutuma. Akasema ulimuuliza na akakujibu vibaya. Tukaomba pamoja, tukamsamehe." Akatutazama usoni, kwanza mmoja, kisha mwingine. "Hukuambiwa?"

"La, mama," Mutua alisema. "Sikuambiwa."

Tulimkuta mwalimu nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, mikono ya shati ameikunja, anasugua sufuria kwa mchanga pamoja na wanawake. Wanawake walipoziona sura zetu waliondoka.

"Mutua," alisema. "Umekuwa mtu mzima."

"Uliwaambia."

Aliendelea kusugua. "Niliwaambia."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa unajua tayari."

Sijui kama alisema kwa ubaya. Nafikiri kwake lilikuwa jibu. Mutua alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyesukumwa.

"Mama yangu hajui," alisema. "Nilipomwambia alinipiga. Mpaka leo ananiombea kanisani, niache roho ya kuumiza watu. Nimeogopa nchi hii miaka yote, mwalimu. Lori likitumwa huku sikupanda, nikakosa ujira. Na hapa walikuwa wananingoja."

"Ningefutwa kazi. Nilikuwa na watoto shuleni."

"Mimi nilikuwa mtoto shuleni."

Mwalimu aliiacha sufuria. Maji meusi yalikuwa yanamtiririka kwenye vifundo vya mikono. Nilidhani sasa atalisema, neno lenyewe, fupi tu.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Njoo Mumbuni. Umwambie mama vile uliwaambia hawa. Usilete kitu. Maneno tu."

Aliichukua tena ile sufuria. "Jumapili," alisema. "Baada ya kanisa."

Njia nzima kurudi Mutua alikuwa kama mtu mwenye homa. Aliniambia nisimwambie mama yake lolote. "Nikisema mimi, ni uongo. Ukisema wewe, ni urafiki. Wacha aseme yeye."

Jumapili ile mama yake Mutua aliamka alfajiri kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu anakuja kwake. Alipaka kinyesi cha ng'ombe sakafu ya jikoni, akafua vitambaa vya viti, akaazima vikombe kwa jirani, akachinja jogoo. Alimuuliza Mutua kwa nini mwalimu anakuja, na Mutua akamwambia ana jambo la kumweleza. Mama aliimba alipokuwa anasukuma chapati. Sikuwa nimemsikia akiimba nje ya kanisa.

Mimi niliweka dau moyoni kwamba hatakuja. Alikuja. Alikuja na suti ya kijivu, sukari, mkate, na kopo la mafuta ya kupikia, ingawa aliambiwa asilete kitu. Akaketi kwenye kiti kizuri. Akasali kabla ya kula, sala ndefu yenye mpangilio, akaibariki nyumba. Akala. Akasifu kuku. Wakazungumza na mama kwa Kikamba chepesi cha watu wa rika moja, kuhusu mvua iliyokawia, bei ya maharagwe, watoto wa siku hizi shuleni tangu kiboko kipigwe marufuku. Mutua alikaa kwenye ukingo wa kigoda, sahani imepoa mapajani, hajagusa.

Chai ikamiminwa. Mwalimu akavua miwani, akatafuta kitambaa.

"Mama Mutua," alianza. "Nimekuja kwa sababu ya yale mambo ya zamani."

Mama akaweka kikombe chini haraka. Kabla mwalimu hajavuta pumzi ya pili, mama alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, mikono ameifumbata.

"Mwalimu, wacha niseme mimi kwanza. Nimengoja siku hii. Nimekuwa naona haya kukutana na wewe sokoni. Mtoto wangu alikuaibisha. Ulimfundisha vizuri, na yeye akaenda akavunja mtoto wa watu, halafu akataka kukuwekea lawama wewe. Mimi ni mama yake, ni mimi nilimlea. Utusamehe."

Nilisema, "Mama," na Mutua akanikanyaga mguu kwa nguvu. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anamwangalia mwalimu wa raga, amekaza macho, mdomo wazi kidogo, kama siku ile kwenye kivuli cha stoo alipokuwa akingoja jibu.

Mwalimu alikuwa ameshika miwani mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili. Alimtazama mama aliyepiga magoti. Alimtazama Mutua. Kisha akavaa miwani, akainama, akamshika mama kiwiko, akamsaidia kuinuka, taratibu sana, bila kumvuta.

"Inuka, mama," alisema. "Hayo yalipita. Mimi nilisamehe zamani."

Alimaliza chai yake. Akaaga. Mutua alimsindikiza hadi barabarani kwa kuwa mgeni husindikizwa, nami niliwaona kupitia dirisha, wakitembea sambamba bila kuzungumza, mwalimu akichukua hatua fupi za mtu mzee. Walipoagana ni mwalimu aliyenyoosha mkono. Mutua aliupokea.

Aliporudi, mama yake alikuwa anapanga ule mkate na sukari juu ya kabati, uso umenawiri kama wa msichana.

"Umeona?" alisema. "Mtu wa cheo kama yule, na amekuja kukaa kwa nyumba yangu. Mtu mwingine hangekuja. Sasa hata wewe moyo wako utapoa."

Mutua alianza kukusanya vikombe vya jirani, akivipanga kimoja ndani ya kingine.

"Ndiyo, mwaitu," alisema.